Matandazo yasiguse shina la mparachichi

SWALI: Nina miparachichi michanga hapa Njombe. Kila kiangazi narundika nyasi na mabua ya mahindi kwenye shina ili kutunza unyevu. Sasa miche miwili imenyauka, na gome lake karibu na ardhi ni jeusi na laini. Nimekosea wapi?

JIBU: Kutandaza umefanya vyema, kosa ni kurundika shinani. Gome la shina linahitaji hewa. Likifunikwa na unyevu wiki baada ya wiki, linaoza, na vimelea vya ugonjwa hupata mlango. Mparachichi ni mwepesi mno kuoza. Rundo hilo pia huwaficha panya na kuwaita mchwa.

Ondoa rundo lote leo, na utumie mikono, si jembe, maana mizizi midogo ya mparachichi hukaa juujuu. Fukua taratibu mpaka uone pale shina linapopanuka kuingia ardhini. Kisha tandaza upya matandazo hayo mfano wa ngata ya kubebea ndoo: katikati wazi, shubiri moja kutoka kwenye shina, unene wa sentimita 5 hadi 10, hadi chini ya ncha za matawi. Nyasi zenye mbegu ziache, zitakuotea magugu.

Ile miche miwili, kwaruza gome kwa ukucha. Ukiona kijani, bado ina uhai. Weusi ukiwa umezunguka shina lote, ing'oe, na mabaki yake usiyatandaze kwa mingine.