Gari Limelala Mwezi, Sasa Linatetemeka

Ukiliacha gari uani ukaenda likizo, ukirudi baada ya mwezi kilomita za kwanza zinaweza kukushtua. Usukani unatetemeka, kiti kinadundadunda, na chini kunasikika mdundo unaoongezeka kasi kila unapokanyaga mafuta. Wengi hukimbilia gereji kubalansi matairi. Subiri kwanza.

Gari zima hukaa juu ya vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa kiganja hivi. Likisimama muda mrefu, pale panapogusa ardhi hulala bapa. Matairi mengi ya magari madogo yana nyuzi za nailoni chini ya meno, juu ya mikanda ya waya. Nailoni ikipata joto hulegea. Ikipoa hukaza katika umbo lilelile ililokutwa nalo. Ndiyo maana ukipaki matairi yakiwa ya moto baada ya safari ndefu, kisha usiku ukawa wa baridi kama ile ya Njombe au Limuru, unaweza kuamka na ubapa hata kwa usiku mmoja. Upepo mdogo kwenye tairi na mzigo ulioachwa ndani ya gari huzidisha tatizo, na matairi yenye ubavu mfupi huathirika zaidi.

Kwa kuwa joto ndilo lililolegeza nyuzi, joto ndilo litakalozirudisha. Lakini usiwashe gari ukaondoka hivihivi. Kagua ubavu wa kila tairi kama una nyufa au uvimbe, kisha jaza upepo kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Tairi hupoteza upepo taratibu hata bila pancha, na lenye upepo mdogo likienda mbio huchemka hadi kupasuka. Baada ya hapo endesha kwa mwendo wa wastani, nusu saa hivi, kwenye barabara nzuri. Ubapa wa muda hupungua kadiri matairi yanavyopata moto, na kwa kawaida mtetemo huisha kabla hujafika mbali.

Usipoisha hata baada ya safari mbili tatu, nenda kwa fundi. Apige jeki, azungushe gurudumu polepole huku ameshika chaki karibu kabisa na meno bila kugusa. Mwanya kati ya chaki na mpira ukipanuka mahali pamoja katika kila mzunguko, hapo ndipo penye ubapa. Fundi akikuambia balansi itamaliza kazi, mkatalie kwa upole: balansi hurekebisha uzito wa gurudumu, hairekebishi umbo la tairi. Ubapa uliotokana na kufunga breki gurudumu likaburuzwa kwenye lami nao hauondoki, maana mpira wenyewe umeshalika. Dawa ni tairi jipya.

Wanaonunua magari yaliyotumika kutoka Japani wajihadhari pia, kwa sababu gari hukaa wiki nyingi melini na yadini. Muuzaji akisema mtetemo utaisha wenyewe, huenda ni kweli, ila chungulia ubavuni mwa tairi kwanza. Baada ya herufi DOT, tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi kuukuu lililolala muda mrefu silo la kusubiriwa lijinyooshe.

Kama unajua utasafiri, shusha mizigo yote na uongeze upepo kidogo, bila kuvuka kikomo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Ukirudi, upunguze kabla ya kuendesha. Mwachie ufunguo mtu mwenye leseni aliendeshe gari kila baada ya wiki mbili. Akikosekana, hata kulisogeza robo mzunguko wa gurudumu kunasaidia. Weka alama ya chaki kwenye tairi ili anayelisogeza asilirudishe palepale. Kama gari litakaa miezi mingi, linyanyue kwenye stendi za chuma, mahali tambarare na pagumu. Usitumie matofali, hupasuka ghafla.