KAMARI: HESABU YAKE, NA MSAADA KWA ALIYESHINDWA KUIACHA

Kamari si jambo geni katika nchi ya Kenya. Karata na dadu zilichezwa nyuma ya maduka kabla simu za mkononi hazijafika, na sheria ya kusimamia kamari na bahati nasibu ilitungwa mwaka 1966. Jambo geni ni wepesi wake. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanzishwa mwezi wa Machi 2007, fedha zaweza kumtoka mtu bila ya yeye kuinuka kitandani. Na zilipokuja kampuni za kubashiri matokeo ya kandanda kwa njia ya simu, yule ambaye zamani alilazimika kwenda mjini kuitafuta kamari aliikuta imelala naye chini ya mto. Mwaka 2025 sheria ile ya 1966 ilifuatwa na Sheria mpya ya Udhibiti wa Kamari, iliyounda Mamlaka ya kuzisimamia kampuni hizo. Asiyetimiza miaka 18 amekatazwa kucheza. Mtu mzima ameruhusiwa. Na kwa kuwa ameruhusiwa, yafaa ajue ni kitu gani anachokinunua.

Chukua mfano wa mchezo mmoja wa mpira. Kampuni yatangaza kwamba aliyebashiri ushindi wa wenyeji atalipwa mara 2.10 ya dau lake, aliyebashiri sare mara 3.20, na aliyebashiri wageni mara 3.40. Mtu atakaye kupata shilingi 1,000 kwa vyovyote mchezo utakavyokwisha, itampasa aweke shilingi 476 kwa wenyeji, 313 kwa sare, na 294 kwa wageni. Jumla ni shilingi 1,083. Basi atatoa 1,083 ili arudishiwe 1,000. Zile 83 ndizo ujira wa kampuni, nazo zimekwisha kukatwa kabla refa hajapuliza filimbi. Hapana wizi hapo wala uchawi. Ni biashara, kama muuza sukari anavyoongeza faida yake juu ya bei ya jumla. Lakini mnunuzi wa sukari hurudi nyumbani na sukari.

Wachezaji wengi hawaridhiki na mchezo mmoja. Hupanga michezo mitano au kumi pamoja na kuiita mkeka, na jina hilo lafaa sana, kwa maana ukindu mmoja ukikatika kazi yote imeharibika. Kila mchezo unaoongezwa huleta makato yake juu ya makato ya mwenziwe. Kwa viwango kama vile vilivyotajwa juu, katika kila shilingi 100 zinazowekwa kwenye mikeka ya michezo mitano, wachezaji kwa jumla watarudishiwa wastani wa shilingi 67 hivi. Na kwa mikeka ya michezo kumi, 45 tu. Ama yule abashiriye michezo 17 ili apate mamilioni, na ajue kwamba michezo 17 yaweza kumalizika kwa njia 129,140,163 mbalimbali, na tikiti yake moja imeshika njia moja. Kweli timu zote hazina nguvu sawa, na mjuzi wa mpira huweza kupunguza ujinga wake. Lakini walioviweka viwango nao ni wajuzi, tena hiyo ndiyo kazi yao ya kila siku.

Kosa jingine ni kudhani kwamba bahati hudaiwa. Mtu aliyepoteza mara sita husema kwamba mara ya saba lazima apate. Mwaka 1913, katika nyumba ya kamari ya Monte Carlo, mpira wa ruleti uliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo. Matajiri walizidi kuweka fedha kwenye nyekundu, wakiamini kwamba zamu yake imefika, wakapoteza mali nyingi sana usiku huo. Mpira hauna kumbukumbu. Na anayesema, “Nimekosa timu moja tu!” hakukaribia kitu, amepoteza sawasawa na aliyekosa zote, ila yeye ametiwa hamu ya kurudia.

Je, mtu aweza kucheza bila ya kuumia? Wapo wengi wachezao hivyo. Huzihesabu fedha za kamari kama kiingilio cha uwanjani, yaani zimekwisha kutumika tangu alipozitoa. Hutenga kiasi kidogo baada ya kodi, chakula na karo ya shule kulipwa, na kikiisha hungoja mwezi mwingine. Hawakopi ili wacheze. Hawachezi wakiwa wamelewa au wamekasirika. Tena hawakimbilii kurudisha walichopoteza, na hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote.

Maana hapo ndipo ugonjwa huanzia. Neno ugonjwa limetumiwa kwa haki: Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliitia kamari iliyopita kiasi katika orodha yake ya maradhi mwaka 1980, na mwaka 2013 kikaiweka pamoja na ulevi wa pombe na wa madawa. Ubongo wa mchezaji huzoea msisimko kama ubongo wa mlevi unavyoizoea pombe. Madaktari hao hutazama dalili tisa, na mtu aliye na nne au zaidi katika muda wa mwaka mmoja huhesabiwa kuwa mgonjwa. Miongoni mwake ni kuongeza dau ili apate msisimko ule ule, kushindwa kuacha ingawa amejaribu, kurudi kesho kukomboa hasara ya leo, kuwaficha jamaa, na kutegemea watu wengine wamlipie.

Katika nyumba za wakulima wa chai, dalili hizo huonekana baada ya bonasi. Mume asema fedha hazijaingia, kumbe zimeingia na kutoka usiku ule ule. Mtoto arudishwa nyumbani kwa karo. Ng'ombe auzwa kwa bei ya haraka. Mke akigundua, kelele na matusi mbele ya watoto humfanya mume afiche zaidi. Heri kungoja saa ya utulivu na kusema, “Baba watoto, tukae tupige hesabu ya mwezi huu pamoja,” na simu iwekwe mezani. Jamaa wakitaka kumsaidia katika madeni, wasimpe fedha mkononi, kwa maana hata mwenye nia njema hushindwa nazo; karo ilipwe shuleni, na deni la duka lilipwe dukani. Kwa muda, mshahara au malipo ya chai yapitie kwa mtu mwingine anayeaminiwa, mwenyewe akikubali.

Yeye naye aiandikie kila kampuni anayochezea, akiitaka ifunge akaunti yake na isimtumie matangazo tena. Kisha amwone daktari. Hospitali ya Mathari mjini Nairobi ina waganga wa akili, na katika hospitali kubwa za kaunti mtu aweza kuuliza idara ya afya ya akili. Tiba iliyo mashuhuri ni ya mazungumzo: mgonjwa hufundishwa kuzitambua fikira zinazomsukuma, mfano ile ya bahati kudaiwa, na kupanga atakachofanya saa ya hamu. Wengine husaidiwa na vikundi vya wachezaji walioacha, vya namna ya kile kilichoanzishwa Los Angeles mwaka 1957, ambamo mtu hutaja jina lake la kwanza tu na kusikilizwa na waliopita njia hiyo hiyo.

Wako waliofikia kutaka kujiua kwa sababu ya madeni ya kamari, wakaogopa kusema wasije wakashtakiwa. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu cha sheria kilichohesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai ni kinyume cha Katiba. Mtu mwenye fikira hizo asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Apelekwe hospitali iliyo karibu, na jamaa wamweleze mganga habari zote pamoja na hiyo ya kamari.