SOMO: ANAYEMFUNDISHA MWENZAKE KAZI ATARUDISHIWA NINI?



Somo hili msomewe kwa sauti kwenye mkutano, na mtu mmoja aandike majibu ya maswali yaliyo mwishoni. Tutafuata njia tuliyoizoea: kuona, kuamua na kutenda.

KUONA

Usiku mmoja tulimpeleka mama mjamzito kwenye dispensari fulani kwa gari la parokia. Kazini alikuwepo sista mmoja tu, msichana aliyekuwa na wiki tatu tangu aripoti. Mtoto alizaliwa salama, lakini mama akaanza kutoka damu nyingi. Yule sista alikuwa amesoma vizuri na alijua jina la sindano inayotakiwa. Shida ni kwamba hakujua friji yenye dawa hiyo iko chumba gani, wala ufunguo unakaa kwa nani. Mikono ilianza kumtetemeka.

Tulikimbia kugonga nyumba ya sista mzee aliyeishi nyuma ya dispensari. Hakuwa zamu, lakini alikuja na leso mabegani. Alifungua friji, akampa msichana sindano aidunge mwenyewe, kisha akamshika mkono na kumwonyesha jinsi ya kukanda tumbo mpaka kizazi kikaze. Mama yule alipona.

Asubuhi tulimshukuru sista mzee. Akatuambia: “Nimewafundisha wasichana kumi na mmoja hapa. Nikifundisha, foleni yangu inakuwa ndefu na watu wananinung'unikia. Hakuna siku mtu ameniuliza, mama, wewe unapata nini?”

Swali lake ni la haki. Kumfundisha mgeni ni kazi. Inakula saa na nguvu, na ile kazi ya kwanza bado inakungoja.

WENGINE WALIFANYAJE?

Swali hilo limeulizwa hata kwenye nchi tajiri. Kule Marekani, wauguzi wanaosomea ngazi ya juu, wale wanaopima wagonjwa na kuandika dawa, hawawezi kuhitimu bila kufanya kazi saa nyingi chini ya mzoefu. Wazoefu wengi walikuwa wanakataa, kwa sababu ukiwa na mwanafunzi unaona wagonjwa wachache, na mara nyingi hulipwi chochote. Baadhi ya majimbo yakaamua kuwapunguzia walimu hao kodi.

Jimbo la Georgia lilitangulia mwaka 2014, likianza na madaktari. Daktari aliyefundisha bila malipo kwa saa 160 aliruhusiwa kuondoa dola 1,000 kwenye mapato yake kabla ya kupigiwa kodi. Hapo tusimame kidogo, maana wengi hudhani alipata dola 1,000 mkononi. Sivyo. Kodi ya juu ya jimbo wakati huo ilikuwa dola 6 kwa kila 100. Basi alichookoa hakikuzidi dola 60 kwa saa zote 160. Ni kama kumpa mtu senti baada ya kulima shamba zima.

Mwaka 2019 sheria ile ilibadilishwa. Punguzo likatoka kwenye mapato likawekwa kwenye kodi yenyewe, na wauguzi wa ngazi ya juu wakaingizwa. Muuguzi akapata kupunguziwa dola 375 kwa kila moja ya mafunzo matatu ya kwanza, halafu dola 750 kuanzia fundisho la nne hadi la kumi. Jimbo la Hawaii nalo lilipitisha sheria yake mwaka 2018: dola 1,000 kwa kila saa 80, lakini zisizidi dola 5,000 kwa mwaka.

Wale wenye mshahara hapa Kenya wanaijua tofauti hiyo. Kwenye karatasi ya mshahara kuna nafuu ya kila mtu, ambayo mwaka 2023 ilikuwa shilingi 2,400 kwa mwezi. Hiyo hutolewa kwenye kodi yenyewe, ndiyo maana mfanyakazi anaisikia mfukoni.

KUAMUA

Tunajifunza mambo manne.

1. Shukrani iwe na uzito. Georgia walianza na kitu chepesi, wakarudi kukirekebisha. Si aibu kurekebisha.

2. Kazi ihesabiwe. Kule hakuna anayesema tu “nilifundisha.” Saa zinaandikwa na kuthibitishwa, na anayelipwa na mwingine kwa kazi hiyo hapewi tena.

3. Punguzo la kodi humsaidia mwenye kodi. Kama hudaiwi kodi, hakuna cha kupunguziwa. Mkunga mzee wa kijiji au mhudumu wa afya wa kujitolea hawezi kusaidiwa kwa njia hiyo, hata akifundisha watu mia.

4. Kinachosamehewa lazima kitoke mahali. Serikali ikisamehe kodi, mfuko wake unapungua. Kikundi nacho ni hivyo hivyo.

Hata Maandiko yanatuonyesha kazi hii. Kijana Samweli aliitwa usiku na hakujua anayemwita ni nani. Ni mzee Eli, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia, aliyemweleza namna ya kuitika. Samweli alikuwa na wito, lakini alihitaji mtu wa kumwelekeza.

KUTENDA

Kikundi chetu hakitozi kodi, lakini kinatoza mchango wa kila mwezi. Kwa hivyo tunaweza kufanya kitu kinachofanana.

Tuseme mko watu 20 na kila mmoja hutoa shilingi 200 kwa mwezi, jumla 4,000. Mweka hazina wenu amezeeka na ni yeye tu anayejua vitabu. Mkubaliane amfundishe kijana mmoja kwa miezi mitatu, na kwa miezi hiyo atoe shilingi 100 badala ya 200. Mfuko utapungukiwa shilingi 300. Amueni mapema zitatoka wapi, labda kwenye faini za kuchelewa mkutano. Msiseme tu “tutaona.”

Na kama mwalimu ni mama mzee ambaye tayari mmemsamehe mchango? Kumpunguzia ni kumpa hewa. Huyo mkampalilie shamba lake siku moja, nyote.

Fungueni daftari dogo lenye tarehe, saa, jambo lililofundishwa, na sahihi za wawili: mwalimu na mwanafunzi. Mwishoni, mwanafunzi afanye kazi hiyo mbele ya kikundi. Akiweza, mwalimu amestahili nafuu yake. Akishindwa, waongezewe muda bila kulaumiana.

Kisha nendeni mkaongee na kamati ya dispensari yenu. Waulizeni: sista mpya akifika, nani humwonyesha friji iko wapi na ufunguo unakaa kwa nani? Je, huyo anayemwonyesha hupunguziwa zamu? Hilo halihitaji sheria ya Bunge. Linahitaji watu waliokaa chini wakakubaliana.

MASWALI YA KUJADILIANA

a) Katika kikundi chetu, ni kazi gani inayojulikana na mtu mmoja tu? Akiondoka leo, itakuwaje?

b) Ni nani aliyetufundisha kazi tunayofanya? Alirudishiwa nini?

c) Tutampunguzia nini atakayefundisha, na pengo litazibwa na nini?

d) Ni nani atakayeongea na kamati ya dispensari, na lini?

Yule sista mzee sasa amestaafu. Msichana wa usiku ule ndiye anayewapokea wageni pale, na jambo la kwanza anawaonyesha ni friji.