Motokaa Inayotetemeka Ikisimama

Wengi wetu tumepanda teksi ambayo ikiwa mwendoni haina neno, lakini ikisimama kungoja abiria, kiti chatikisika, vioo vyagongana, na usukani wacheza mikononi mwa dereva. Mafundi husema motokaa hiyo haina silensa. Hawakusudii bomba la moshi, bali mwendo wa injini pasipo kukanyaga mafuta. Ugonjwa huu una sababu nyingi, na mtu akinunua vipuri kwa kubahatisha, fedha zitakwisha kabla ya ugonjwa.

Mfano nitakaoutumia ni Toyota Corolla ya umbo lililoanza kutoka Japani mwaka 1991, yenye injini ya 5A-FE ya silinda 4. Ni teksi ya baba yangu mdogo. Fundi mmoja alikwisha mwambia kuwa injini imekufa, anunue nyingine iliyotumika, naye alikwisha anza kuomba mkopo katika chama chake cha akiba. Hakuna kipimo hata kimoja kilichokuwa kimefanywa. Basi likizo ya Desemba tukaipima sisi wawili.

Hapana budi kuanza na hesabu kidogo. Injini hii ikipumzika huzunguka kama mara 750 kwa dakika. Kila silinda huwaka mara moja katika mizunguko miwili, yaani mara 375 kwa dakika. Silinda zote 4 huwaka mara 1,500, ambayo ni mara 25 kwa sekunde. Mtikisiko wa haraka namna hiyo humezwa na raba zinazoibeba injini, zile ziitwazo mauntini. Lakini silinda moja ikikosa moto, pengo hutokea mara 6 na robo kwa sekunde. Huo ni mtikisiko wa polepole, raba haziwezi kuumeza, nao wafika moja kwa moja mgongoni mwa abiria. Ukikanyaga mafuta, mizunguko huongezeka na gurudumu zito la injini hulijaza pengo, ndiyo maana barabarani motokaa yaonekana nzima.

Swali la kwanza, basi, ni hili: je, injini yenyewe ni mbovu, au ni nzima ila imeshikwa vibaya? Simama nyuma usikilize bomba la moshi. Ikiwa pumzi zatoka sawasawa bila kukatika, huku kiti chatikisika, shuku mauntini. Mtu mmoja akanyage breki kwa nguvu na kutia gia ya D, kisha R, na mwingine atazame injini akiwa ubavuni, kamwe asiwe mbele wala nyuma ya motokaa. Injini ikiruka sana, raba imechanika. Katika teksi yetu pumzi zilikuwa zakatika, kwa hiyo tuliendelea.

Sasa kuitafuta silinda iliyolala. Mafundi wengi huchomoa waya za plagi injini ikiwaka. Sipendi njia hiyo, maana umeme wake ni mkali, tena petroli isiyoungua huingia katika bomba la moshi. Ni afadhali kuchomoa soketi ya nozeli, moja baada ya nyingine. Ukichomoa ya silinda nzima, injini itazidi kutetemeka. Tulichomoa ya 1, ikatetemeka. Ya 2, vilevile. Ya 3, kimya, hapakuwa na tofauti yoyote. Ya 4, ikatetemeka. Baba mdogo akasema, "Mwanangu, hapo tumemkamata." Fanyeni kazi hii uwanjani, si ndani ya banda, kwa sababu moshi wa motokaa huua.

Silinda yahitaji mambo matatu: moto, mafuta, na mgandamizo. Tulizima injini, tukabadilishana plagi ya 3 na ya 1. Ubaya haukuhama, kwa hiyo plagi haikuwa na kosa. Tuliweka bisibisi ndefu juu ya nozeli ya 3 na sikio kwenye mpini. Ikasikika ikigonga kama wenzake. Kisha tukapima waya kwa mita ya umeme kama zile za maabara yetu. Waya mzima hauzidi omu 25,000. Waya wa 3 mita haikuusoma kabisa. Na tulipochungulia shimo la plagi ile tukakuta oili: katika injini hii plagi hukaa ndani ya mirija mirefu, na sili zake zikichakaa, oili huvuja mle na kuilainisha raba ya waya. Bila kubadili sili, waya mpya nao ungeharibika.

Kama waya ungekuwa mzima, tungepima mgandamizo, na hapo ndipo neno la kununua injini lingeweza kuzungumzwa.

Nisisahau hewa. Mpira wa hewa ukipasuka baada ya mlango wa hewa, injini hutetemeka ikipumzika lakini hutulia ikikanyagwa, maana hewa ya wizi huwa kidogo ikilinganishwa na ile iingiayo kwa njia yake. Nyunyiza maji kidogo juu ya mipira, mbali na waya. Sauti ikibadilika, tundu lipo hapo. Wapo wanaonyunyiza petroli, nao wanachezea moto. Na ikiwa mizunguko yapanda na kushuka yenyewe, vali ya silensa huenda imejaa masizi, isafishwe kwanza.

Tulitia seti ya waya na sili mpya, na ombi la mkopo likaondolewa. Pumzi za bomba sasa zatoka sawasawa. Katika gia ya D umebaki mtikisiko mdogo, maana mauntini ya mbele ina ufa. Mpaka aibadili, baba mdogo akingoja abiria huweka N na kuvuta breki ya mkono.