Kimo cha Mnara: Fizikia na Sheria katika Kibali cha Mnara wa Redio ya Ridhaa

Redio ya ridhaa ni mawasiliano ya redio yanayofanywa na raia wenye leseni, pasipo malipo wala biashara, kwa madhumuni ya kujifunza, kufanya majaribio na kusaidia wakati wa maafa. Kila mwenye leseni hupewa herufi za kumtambulisha hewani: zile zinazoanza na 5H ni za Tanzania, 5Z za Kenya, 5X za Uganda. Leseni hiyo humruhusu kupeleka mawimbi hewani. Haimruhusu kusimamisha mnara wa chuma nyuma ya nyumba yake. Kibali cha ujenzi hutolewa na mamlaka nyingine kabisa. Nchini Marekani mvutano kati ya mamlaka hizo mbili umefikishwa mahakamani mara nyingi, na kwa hiyo mfano wa nchi hiyo unafaa kuchunguzwa.

Miji mingi ya Marekani haikubali jengo lolote katika mitaa ya makazi lizidi futi 35, yaani mita 10.7. Kipimo hicho kiliwekwa kwa kufikiria nyumba, si mawimbi. Je, mwanaredio akiambiwa atosheke nacho, anapoteza nini?

Antena ikilazwa sambamba na ardhi, sehemu ya wimbi huenda moja kwa moja angani, na sehemu nyingine hugonga ardhi kwanza na kuakisiwa. Mawimbi hayo mawili yakikutana huongezana nguvu katika pembe fulani na kufutana katika pembe nyingine. Juu ya ardhi tambarare inayoakisi vizuri, pembe ya chini kabisa ambamo yanaongezana kikamilifu hupatikana hivi: sini ya pembe ni sawa na urefu wa wimbi ukigawanywa kwa kimo cha antena mara nne.

Mwanafunzi na achukue masafa ya megahezi 14, ambayo wimbi lake lina urefu wa takriban mita 21. Antena ikiwa kwenye kimo cha mita 10.7, pembe inakuwa karibu nyuzi 30. Kimo kikiwa mita 21, pembe inashuka hadi nyuzi 14.5. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Wimbi likirudishwa na tabaka la ionosfea lililo kilomita 300 juu ya ardhi, na mviringo wa dunia ukizingatiwa, lile la nyuzi 30 hutua kilomita 900 hivi kutoka lilikoanzia, ilhali lile la nyuzi 14.5 hufika zaidi ya kilomita 1,700. Kwenye megahezi 7 hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa wimbi lina urefu wa karibu mita 43. Kwa kimo kile kile cha mita 10.7, pembe inakuwa nyuzi 90. Nguvu nyingi huelekea utosini moja kwa moja! Mtu wa namna hiyo atasikika vizuri na jirani wa mkoa wa pili, lakini bara jingine litamsikia kwa shida.

Hata hivyo, halmashauri ya mji nayo ina fizikia yake. Kanieneo ya upepo ni nusu ya densiti ya hewa mara mraba wa mwendo. Upepo wa mita 40 kwa sekunde, hewa ikiwa na densiti ya kilo 1.2 kwa mita ya ujazo, husukuma kila mita ya mraba kwa kani ya nyutoni 960. Antena ya mita moja ya mraba kwenye kimo cha mita 20 hutia kwenye kitako cha mnara momenti ya nyutoni-mita 19,200, bila kuhesabu upepo unaopiga mnara wenyewe. Mwendo ukiongezeka maradufu, momenti huwa mara nne. Jirani anayeuliza chuma hicho kitaangukia wapi anauliza swali la haki, na anastahili kujibiwa kwa hesabu.

Mwaka 1984 chama cha wanaredio wa ridhaa cha Marekani kiliiomba Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano itoe uamuzi. Uamuzi huo, ujulikanao kama PRB-1, ulitolewa tarehe 19 Septemba 1985. (Siku hiyo hiyo tetemeko kubwa liliupiga mji wa Mexico, na wanaredio wa ridhaa walikuwa miongoni mwa waliopitisha habari simu zilipokatika.) Tume haikuweka kimo chochote. Ilisema kwamba kanuni za mji kuhusu mahali, kimo na sura ya antena sharti ziyape mawasiliano haya nafasi ya kadiri, na ziwe kanuni chache kabisa zinazotosha kutimiza lengo halali la mji. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Nane iliutumia uamuzi huo dhidi ya mji wa Mendota Heights, Minnesota, uliokuwa umekataa antena ya futi 68.

Kutokana na hayo, mwombaji mwenye busara haendi mbele ya halmashauri na nakala ya PRB-1 peke yake. Hupeleka ramani ya kiwanja inayoonyesha umbali wa mnara hadi kila mpaka, michoro ya mnara na msingi, hesabu za upepo zilizothibitishwa na mhandisi, na hesabu ya pembe kama ile ya hapo juu, ili ieleweke kwa nini anaomba mita 21 wala si 10. Pengine hukubali mnara ambao vipande vyake huingiana kama mirija ya darubini, ukashushwa wakati hautumiki. Malalamiko ya televisheni kuingiliwa si kazi ya halmashauri. Tangu sheria ya mwaka 1982 hayo ni ya Tume. Mnara ukizidi futi 200, au ukiwa karibu na uwanja wa ndege, mamlaka ya usafiri wa anga nayo hupewa taarifa.

Kuna mlango mmoja ambao PRB-1 haikuufungua. Wanunuzi wengi wa nyumba hutia sahihi mikataba inayokataza antena za nje, na mwaka 1985 Tume ilieleza kwamba uamuzi wake unahusu kanuni za serikali za majimbo na miji, si mapatano ya watu binafsi. Aliyetia sahihi mkataba wa namna hiyo anaweza kushinda mbele ya halmashauri, na bado akazuiwa na majirani zake.