Mchumba wa Ng'ambo, Mjomba wa Buigiri

Hukwenda Uppsala kutafuta mume. Ulikwenda kusomea udongo, ukapewa meza pembeni ya Mswidi mpole, na mwaka wa tatu mnataka kuja Buigiri kwa wazee. Kabla ya kukata tiketi, mpigie mjomba.

Mjomba, si mama peke yake. Wengi huanza kwa mama, mama akamnong'oneza baba, mjomba akaja kusikia kilabuni. Kwa Wagogo mjomba ana fungu lake katika ng'ombe wa mahari, na akinuna mambo hayaendi. Mwenzako akidhani unatia chumvi, mtafutie kitabu cha Peter Rigby kuhusu ng'ombe na ukoo wa Wagogo, cha 1969. Msomi huamini akishaona maktaba.

Atakuuliza, "Kwa hiyo mnauza mtu?" Usikasirike. Mweleze kwamba ng'ombe hawabaki zizini kwa baba. Hugawanywa upande wa baba na upande wa mama, na waliopokea ndio watakaoitwa siku mkikorofishana. Kweli, kwa Sheria ya Ndoa ya 1971 ndoa haibatiliki kwa kukosa mahari, lakini ukianza na hilo mbele ya wazee umekwisha. Mtafutieni mshenga wa hapahapa, anayekijua Kigogo. Kama ng'ombe watageuzwa fedha, aseme mshenga. Mchumba anyamaze, na umwambie mapema kwamba kunyamaza huko ni adabu, maana kwao mtu hujisemea mwenyewe.

Salamu moja inamtosha: "Mbukwenyi." Aitoe taratibu, asichungulie saa.

Likizo ya wiki mbili haitoshi kama hamjajipanga: msajili anatakiwa kupewa taarifa ya ndoa angalau siku 21 kabla. Wala msikimbizane. Eduardo Mondlane wa Msumbiji na Mmarekani Janet Johnson walikutana Marekani 1951, wakaoana 1956, na baadaye wakaja kuishi Dar es Salaam.

Kuna mlenda sasa. Huu ndio mtihani ambao watoto wote watakuja kuutazama. Mfanyishe mazoezi hukohuko kwa bamia: akate tonge, alibonyeze kishimo kwa dole gumba, achote, kisha azungushe mkono juu ya bakuli mpaka uzi ukatike, ndipo ainue. Akiinua moja kwa moja utamfuata hadi kifuani. Siku hiyo asivae shati jeupe.