Dondoo muhimu: Ukikuta kibao cha historia barabarani Marekani

Egesha gari nje kabisa ya barabara, ndipo usome. Anzia chini: mara nyingi huandikwa mwaka kilipowekwa na waliokigharimia, nawe utajua ni nani anayekusimulia. Zunguka na nyuma. Vingine vina maandishi pande zote mbili. Virginia, iliyoanza mpango wake mwaka 1927, huvipa vibao namba. Inakili.

Ukifika Mississippi, usiipite Graball Landing, kando ya mto Tallahatchie. Hapo anakumbukwa Emmett Till, mtoto wa miaka 14 aliyeuawa na wazungu mwaka 1955. Kibao cha kwanza kiliibwa. Viwili vilivyofuata vikatobolewa kwa risasi. Cha nne, cha mwaka 2019, kikatengenezwa kwa chuma kisichopenywa na risasi. Nenda na watoto, uwasomee chote.